Pazia la Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Daktari Winifrida, msimamizi wangu, ameagiza kila mwanafunzi awe na daftari la pembeni kwa mambo yasiyoingia kwenye fomu. Papo hapo akaongeza, "Msiniletee hisia, nileteeni takwimu." Sasa daftari la nini? Nimelinunua hata hivyo. Kama hisia ni haramu, zitakaa humu.

Mimi ni Severa Tarimo, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, upande wa magonjwa sugu. Muhula huu tuko mtaani. Mimi na mwenzangu Vitalis tumepewa korido moja ya maduka ya jumla Kariakoo, karibu na Mtaa wa Aggrey, yenye wafanyabiashara kumi na watano wenye presha ya kupanda. Kila Jumanne asubuhi, kabla wateja hawajajaa, tunawafundisha nusu saa kuhusu chumvi, kutembea na dawa, kisha tunawapima. Presha zikishuka hadi mwisho wa Mei, mafunzo yamefaa, na mimi nahitimu Novemba.

Korido hii nimeipata kwa mgongo wa baba mdogo Kasmir, ninayeishi kwake Ilala. Anauza mapazia, duka namba kumi na nne. Bila yeye wasingetupokea. Aliwaambia wenzake kwa ile sauti yake ya kuamrisha, "Huyu ni mtoto wetu. Ana mtihani, na mtihani wake ni sisi." Wakaguna, wakakubali.

Naye yumo kwenye orodha. Manesi wa zahanati walipowapima wote mwezi uliopita, yeye alitoka na 178 kwa 104. Kwa kuwa ni ndugu yangu siruhusiwi kumpima. Korido ina kona. Mimi nimechukua maduka ya mbele, Vitalis ya nyuma, kila mmoja anafundisha na kupima upande wake, na baba mdogo yuko nyuma. Vitalis hajawahi kumwona, na hilo ni zuri. Hatakuwa na upendeleo.

Jumanne, 11 Machi

Upimaji wa kwanza. Baba mdogo: 128 kwa 82.

Nilimuuliza Vitalis mara mbili. "Ndiyo hiyo," akasema. "Dawa zimemkubali mzee wako." Nilitamani kuruka, ila nilikuwa nimevaa kitambulisho.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipita dukani kumpelekea baba mdogo chakula. Beno alikuwepo, kama kawaida. Huyu Beno ni Mngoni wa Songea, anauza chupa za chai kwenye meza ya ng'ambo, lakini sijawahi kumkuta mezani kwake. Yuko kwenye kiti cha baba mdogo, anasimulia. Anatembea kwa miguu kutoka Buguruni kila siku na anataka dunia nzima ijue. Sijui baba mdogo anampendea nini.

Mlangoni pana pazia moja tu, zito, la rangi ya maziwa, mshono wake umenyooka kama rula. Wateja hulishika hilo, kisha hununua ya ndani, ambayo si mabaya, ila si hilo. Mama mmoja alilitaka hilohilo. Baba mdogo akakataa katakata.

"La mlangoni haliuzwi," aliniambia mama yule alipoondoka. "La mlangoni ni la kuonekana."

Jumanne, 18 Machi

Baba mdogo: 126 kwa 80. Vitalis anasema, "Mzee wako noma! Mcheshi yule, nimecheka mpaka mashine ikakosea."

Mcheshi? Nyumbani baba mdogo akicheka tunaulizana kulikoni. Labda biashara ndiyo inayomchangamsha.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Viatu vyangu vya kazi vimekufa.

Jumanne, 25 Machi

124 kwa 80. Idd inakaribia, na korido haipitiki. Watu wananunua mapazia kana kwamba madirisha yameumbwa jana. Wa mbele nao wanashuka. Selina wa vyombo vya plastiki alianza na 160, leo 138.

Jioni baba mdogo alirudi na kukaa barazani bila kuvua viatu. Mama mdogo Evelyn alimvua. Soksi zilikuwa zimeacha alama ndani ya nyama, pande zote mbili.

"Miguu imevimba," nikasema.

"Nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wewe ungesimama hivyo isingevimba?"

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu ya Idd, hatukupima. Baba mdogo amelala mchana kutwa. Kichwa, anasema.

Jumanne, 8 Aprili

124 kwa 78. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo Daktari Winifrida ametoa jedwali letu mbele ya darasa zima. Aliweka kidole kwenye kisanduku cha duka namba kumi na nne. "Mshiriki huyu alitoka 178. Tazameni. Hivi ndivyo inavyokuwa mtu akielimishwa na akaelimika." Wenzangu wakanigeukia. Nilijifanya nachezea kalamu, lakini masikio yalikuwa yanawaka kwa furaha. Kijiji kizima Rombo walimshangilia baba mdogo alipofungua duka Kariakoo. Sasa darasa zima linamshangilia kwa mishipa yake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumegombana.

Alikuwa anasoma karatasi za mzigo huku ameziba jicho moja kwa kiganja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema taa mbovu. Taa ni nzima. Nikaenda chumbani, nikatoa mashine uvunguni, maana kila Jumanne narudi nayo nyumbani, nikaiweka mezani.

"Baba mdogo, leta mkono. Mara moja tu, haiingii kwenye fomu."

"Si napimwa na mwenzio?"

"Unapimwa."

"Inasomaje?"

"Vizuri."

"Basi. Unataka kunipima mara ngapi, mimi nyanya za kwenye mzani? Na hiyo kanuni yenu ya ndugu asimpime ndugu, mmeifuta lini?"

Mama mdogo alinitazama, nikaona anataka niendelee. Nikarudisha mashine uvunguni. Ukweli ni kwamba niliona nafuu. Nikimpima na namba ikatoka mbaya, jedwali langu lingekuwa na maana gani?

Nimeandika sentensi hiyo na sitaifuta.

Jumanne, 15 Aprili

126 kwa 80.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya misa mama mdogo alipika mtori na nyama. Tulikuwa tunakunywa chai, baba mdogo akainua kikombe kwa mkono wa kulia, kikamponyoka. Hakikugonga kitu, kilimtoka tu. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyekopeshwa mkono usio wake. Kisha akasema, "Kikombe cha Kichina hiki, kinateleza," na sote tukacheka. Mimi pia.

Nilikwenda chumbani nikafungua kompyuta. 128, 126, 124, 124, 126. Mstari umelala chini, mtulivu. Nikajiambia, Severa, umesomea kuamini vipimo kuliko wasiwasi. Nikarudi sebuleni kuosha vyombo.

Jumanne, 22 Aprili

124 kwa 80. Mvua usiku na mchana. Mto Msimbazi umejaa, wanasema.

Jumanne, 29 Aprili

Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaandika kabisa.

Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ndani ya korido, na kila mtu anapandisha marobota juu ya rafu. Nilimwambia Vitalis tuahirishe. Akasema, "Tumeshalowa tayari, tuwapime walio tayari." Akakata kona kwenda nyuma. Mimi nikabaki mbele namsaidia Selina kubeba mabeseni.

Akarudi baada ya robo saa. "Mzee wako 126 kwa 80. Na maji yote haya! Kakaa juu ya kiti anapiga stori." Nikaandika kwenye fomu. Nilifurahi, nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi.

Kalamu ilikuwa bado mkononi Mwanne alipokata kona, miguu mitupu, gauni amelishika magotini. Mwanne ana duka namba kumi na tano, la mashuka. "Severa! Mzee Kasmir kaanguka stoo!"

Stoo iko ghorofa ya kwanza, kwa ngazi za nyuma. Alikuwa chini katikati ya marobota mawili. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia umelala kama kitu kilichosahauliwa. Macho yalikuwa yananitazama na yananijua. Alijaribu kusema jina langu, likatoka uji.

Vitalis alifika nyuma yangu na mashine. Akapiga magoti, akamfunga kitambaa cha mashine kwenye mkono wa kushoto, ule ulio mzima, akabonyeza. Kisha akaniuliza, "Huyu nani?"

"Baba mdogo!"

"Yupi?"

"Kasmir! Baba mdogo Kasmir! Una nini wewe?"

"Severa, mzee Kasmir nimempima sasa hivi. Yuko chini dukani."

Nikageuka. Mlangoni pa stoo alikuwa amesimama Beno, anahema, mikono juu ya kichwa. Mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa bado umekunjwa hadi juu ya kiwiko.

Mashine ikalia. 221 kwa 128.

Machela haikuwepo. Mwanne akashuka mbio, akapanda na pazia la mlangoni, lile la rangi ya maziwa. Tukamlaza humo, tukashika pembe nne, mimi, Vitalis, Beno na Mwanne, tukashuka naye ngazi moja moja, kisha tukaingia kwenye maji. Beno alikuwa analia waziwazi. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: wiki saba. Wiki saba nimekuwa nasoma damu ya mtu mwingine na kuifurahia, huku huyu analala chumba cha pili.

Jumatano, 30 Aprili

Yuko hai. Ni kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Daktari anasema siku hizi chache ndizo zitakazoamua.

Beno alikuja hospitali, akakaa kwenye benchi la nje kama mtuhumiwa. Sikumwamkia. Nilisimama tu mbele yake.

"Kwa nini?"

"Mama, nisamehe."

"Sijauliza hilo."

Alikunja kofia yake, akaikunjua. "Baba yako mdogo alisema mtihani wako ni presha kushuka. Yake haishuki. Akasema, nikikaa kwenye kile kiti mimi, mtoto atafeli kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyemleta hapa. Akaniuliza, 'Beno, wewe presha huna, si ndiyo?' Nikamwambia sina, natembea. Akasema, 'Basi kaa wewe Jumanne. La mlangoni huwa zuri.'"

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Stoo. Kila Jumanne anapanda stoo mpaka kijana wenu aondoke."

"Na korido nzima mlijua?"

Akaikunja kofia tena. "Tulidhani tunakusaidia, mama."

Niliondoka bila kumuaga. Nina hasira na Beno, nina hasira na baba mdogo, nina hasira na Vitalis asiyeomba hata kitambulisho. Zote hizo zikiisha najikuta peke yangu na ile mashine uvunguni. Hakuna aliyeidanganya ile. Ilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake.

Jumamosi, 3 Mei

Amekunywa maji kwa kijiko. Mama mdogo amelia kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Daktari Winifrida na fomu zote. Nilikuwa nimejifunza hotuba, nikaisahau mlangoni. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa.

Alivua miwani. Nilitarajia anifukuze.

"Miguu ilivimba lini?" akauliza.

"Machi ishirini na tano."

"Kikombe?"

"Pasaka."

"Na uliona vyote."

"Niliona."

"Mimi ndiye niliyekuambia usiniletee hisia," akasema, lakini hakusema kama mtu anayeniondolea mzigo. Alisema kama mtu anayechukua upande wake wa gunia. Kisha akasema duka namba kumi na nne linatoka, na kabla sijaleta jedwali jingine lolote niwaulize wale kumi na wanne waliobaki swali moja: Jumanne mnafanya nini ambacho hamfanyi siku nyingine?

Jumanne, 6 Mei

Nimewauliza. Mbele na nyuma, wote pamoja, pale kwenye kona. Hakukuwa na mafunzo wala mashine. Niliwaambia baba mdogo yuko hospitali kwa sababu namba zake zilikuwa nzuri. Nikasema sitahitimu Novemba, hilo limeshapita, hakuna tena cha kunisaidia. Kwa hiyo mniambie.

Selina akasema, akitazama mabeseni yake, "Mimi dawa nakunywa Jumatatu na Jumanne."

"Siku nyingine?"

"Siku nyingine haupo."

Mwanne akasema Jumanne hanywi kahawa. Mwingine anafika mapema anakaa kimya nusu saa ili moyo utulie. Mmoja hulala kwa dada yake Ilala kila Jumatatu asigombane na mumewe. Kila mmoja alikuwa na lake. Kumi na wanne, na niliowapata wakweli ni watatu. Wote walinipa kilicho bora walichonacho. Wamekaa wiki zote hizi wakinishonea muhula wangu mshono ulionyooka, na hakuna hata mmoja aliyedhani anadanganya.

Nilitaka kuwafokea. Nikajikuta nacheka, na machozi yananitoka, na Selina akanipa kanga nijifute.

Alhamisi, 15 Mei

Ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta. Mvua imepungua.

Jumamosi, 17 Mei

Maneno yameanza kurudi, moja moja. Nilikaa naye barazani nikamuuliza kitu ambacho fomu yetu haikuuliza. Fomu inasema: *Je, unatumia dawa? Ndiyo. Hapana.* Yeye alijaza Ndiyo.

"Baba mdogo, dawa uliacha lini?"

"Kabla... ya Idd."

"Kwa nini?"

Alihangaika. Niliona aibu, na si aibu ya ugonjwa. "Zinanipeleka... chooni."

"Mara ngapi?"

Akaonyesha vidole vya mkono wa kushoto, vyote vitano, kisha kimoja tena. Choo cha jengo kiko ghorofa ya tatu, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi yuko getini. Nikapiga hesabu ya ngazi. Mara sita kwa siku, na duka limejaa wateja wa Idd. Nikakumbuka mada yangu ya wiki ya tatu, "Umuhimu wa Kutumia Dawa kwa Wakati", na picha za rangi nilizochapisha. Niliona haya hadi shingoni.

Nimeongeza swali kwenye fomu mpya: *Choo kiko wapi, na ufunguo anao nani?* Vitalis alicheka alipoliona, kisha akaacha kucheka, akalipigia mstari.

Jumanne, 20 Mei

Beno alikuja nyumbani na embe mbili. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akachelewa kuitikia, nadhani hakutegemea. "Marahaba, mama." Alikaa na baba mdogo saa mbili akamsimulia mambo ya Songea, taratibu, akimngojea kila neno. Daktari wa mazoezi hana subira ile. Sasa najua baba mdogo alikuwa anampendea nini.

Jumanne, 27 Mei

Baba mdogo alitaka kwenda korido. Mama mdogo akakataa, daktari akasita, yeye akavaa shati. Ilimchukua dakika ishirini, vifungo kwa mkono mmoja. Tukamchukulia bajaji.

Korido imekauka, ila ukutani imebaki alama ya maji, mstari wa kahawia. Mlangoni kwake pametundikwa pazia lile lile. Mama mdogo amelifua mara tatu, tope halijatoka lote, na upande mmoja limevutika pale tulipolishika. Nilimtazama, nikingojea aamuru lishushwe. Alilipapasa mshono, akakaa kwenye kiti chake. Beno akahamia kwenye kiti cha plastiki.

Siku hizi tunaanza upya, sote, bila kona. Yeye hayumo kwenye utafiti wala hatarudi. Lakini nilipotoa mashine kumpima Mwanne, alianza kukunja shati lake mwenyewe, mkono wa kushoto, kwa meno na mapaja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mimi," akasema.

"Baba mdogo, wewe tutakupima nyumbani."

"Hapa."

Walikuwa wamesogea wote, mbele na nyuma. Nikamfunga kitambaa. Ni mara yangu ya kwanza kuushika mkono wake tangu nilipokuwa mtoto anayevushwa barabara. Mashine ikajaa, ikapumua, ikalia.

164 kwa 98.

Nikaisoma kimoyomoyo. Selina alichungulia begani mwangu, akanong'ona, "Severa, mwambie mia na arobaini. Mzee kaumwa."

Baba mdogo alisikia. Alinitazama, upande mmoja wa mdomo ukiwa bado haujarudi mahali pake, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye daftari hili.

"Andika," akasema. "Hiyo... hiyo."

Nimeandika.